Hatuuzi Masta Bila Maiti

Mtaa wa spea ulikuwa na maduka ya kila namna: la taa, la vioo, la injini zilizokatwa vipandevipande kama nyama ya buchani. Lakini aliyetaka kitu cha breki alielekezwa kwa Mama Kinyaa. Jina hilo hakujipa mwenyewe, wala hakulikataa. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye uso usiojua kuficha neno. Akiona uchafu, pua inapanda, mdomo unapinda, na aliyeuleta uchafu wenyewe anajikuta akikagua kucha zake. Hebu fikiria: duka la breki, ambako kila kinachoingia kimetoka uvunguni mwa gari, na mwenye duka ananawa kabla ya kugusa na ananawa tena baada ya kugusa. Watu walimcheka, kisha wakanunua kwake, kwa sababu hakuwa amewahi kumuuzia mtu kitu kisichokaa mahali pake.

Hilo lilitokana na sheria aliyoipaka kwa rangi nyekundu ukutani, juu ya meza: HATUUZI MASTA BILA MAITI. Masta ni ile pampu ndogo iliyo mbele ya pedali ya breki. Ukikanyaga, ndiyo inayosukuma mafuta yaende kubana magurudumu. Na maiti ni masta iliyokufa, ile iliyofunguliwa garini. Uje na jina la gari, uje na mwaka wake, uje na picha zake zote kwenye simu, Mama Kinyaa atakujibu neno moja tu: leta maiti. Ukiileta ataifuta, atailaza juu ya kitambaa cheupe, ataweka mpya ubavuni mwake, atapima tumbo kwa tumbo, mdomo kwa mdomo, tundu kwa tundu. Magari hudanganya, alikuwa akisema, na wenye magari ndio zaidi, lakini maiti haina sababu ya kudanganya.

Basi asubuhi moja aliingia mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee.

Kabla yake iliingia harufu yake. Alikuwa muuza manukato, na alijipaka bidhaa zake kama vile alitaka kuzimaliza yeye mwenyewe. Manukato yale yalikutana na harufu ya mafuta ya breki mlangoni, na vilivyozaliwa hapo Mama Kinyaa angependa asivisimulie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu," alijibu, mdomo umeshaanza kupinda.

Kusema kweli hakumpenda. Kijana hakuwa amemkosea hata siku moja. Alimheshimu, alimsalimia vizuri, na binti alikuwa ananawiri. Tatizo ni kwamba kila kitu chake kilimtia mama wa watu kichefuchefu. Alitafuna ubani huku mdomo wazi, unauona ukigeuka kule ndani kama nguo inayofuliwa. Alifuga ukucha wa kidole cha mwisho. Alitembea na chupa ya maji aliyoinywa kutwa nzima, na kila akinywa, kidogo kilirudi ndani ya chupa. Halafu lile gari: jekundu, la mbio, milango miwili, limeinama chini kama linatafuta kitu lilichodondosha, na mlio wake ulikuwa wa kuchana mabati. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na lile lilijitembeza mtaa mzima likiwa na binti yake ndani, anacheka.

"Mrembo anaumwa, mama," mkwe alisema. Ndivyo alivyoliita gari lake.

"Anaumwa nini?"

"Masta inavuja. Fundi Kobe keshaifungua, yuko hapo ng'ambo anasubiri mpya. Na leo tunasafiri, tunakwenda kuwaona wazee wangu kule nyuma ya mlima. Nimekuletea maiti, sheria naijua."

Akaweka mfuko mezani, juu ya kitambaa cheupe.

Ulikuwa mfuko wa chakula. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya kuku iliyogugunwa na watu wasio na haya, na katikati ya mifupa, masta. Mdomo wake wa juu, pale panapokaa mtungi wa mafuta, ulikuwa umevunjika, na mtu alikuwa ameuziba kwa bonge la ubani uliotafunwa. Juu ya ubani, na kuzunguka tumbo lote la masta, palikuwa na kitambaa kilichofungwa kwa kubana, cheusi, kinang'aa kwa utelezi. Nzi mmoja alikuwa amefia humo. Unywele ulitokeza.

"Umeitia kwenye mfuko wa mifupa," alisema Mama Kinyaa taratibu.

"Ndio uliokuwa karibu, mama. Lakini umeona ufundi huo? Ubani huu umefanya kazi, usiudharau." Akaingiza kidole, kile chenye ukucha, akauvuta ubani. Ulifuata kidole, ukarefuka, ukawa uzi. "Ona unavyovutika bado."

Mama Kinyaa alisikia chai ya asubuhi ikipanda kumtafuta. Akajishika ukingo wa meza. Mkwe, kwa wema wake wote, akamfungulia ile chupa yake na kumnyooshea. "Kunywa maji kidogo, mama, umebadilika rangi." Ndani ya chupa kulikuwa na vitu vinaelea.

"Sina kiu, baba."

Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afungue duka. Alichukua koleo, akaibana maiti ile kiunoni kama anayeshika nyoka, akapita nayo mlango wa nyuma akiwa amegeuza uso, akaitupa ndani ya pipa la mafuta machafu. Ikasema chubwi. Mfuko na mifupa yake vikafuata jaani. Kitambaa cheupe akakiloweka kwenye sabuni. Aliporudi alikuwa amenawa mpaka viwiko.

"Gari la aina gani, na la mwaka gani?" aliuliza, kama wanavyouliza wauza spea wengine wote wa mtaa ule, wale aliowadharau.

Mkwe akamtajia. Mama Kinyaa akapanda ngazi, akashusha boksi.

"Hupimi, mama?" mkwe aliuliza, akiitazama sheria ukutani.

"Naijua," alisema Mama Kinyaa. Alitaka mkwe aondoke. Alitaka aondoke na harufu yake, na chupa yake, na ubani wake, hata kama angempa duka zima.

Alipotoka, mama alifungua madirisha yote mawili, akapiga deki.

Jua lilikuwa limepita utosini Kobe alipokuja. Fundi huyu aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa amewahi kuharakishwa na mtu, na kwa namna shingo yake ilivyotokeza kwenye kola ya ovaroli. Kuna wateja waliomkimbia kwa uzito wake, lakini hakukuwa na gari lililotoka kwake likarudi limevutwa. Na alikuwa na masharti yake: masta hakufunga kutoka duka lingine lolote isipokuwa la Mama Kinyaa.

"Bi mkubwa, masta imekaa," alisema, amesimama nje ya kizingiti maana alijua sheria za viatu. "Bolti zimeingia, bomba za mafuta zimeingia. Lakini mguu unazama."

"Toa hewa."

"Nimetoa hewa mpaka hewa yenyewe imenionea huruma. Mguu unazama. Mkweo anasema akikanyaga mara mbili inashika, basi inatosha, anataka aondoke. Na binti yako keshafika, anapakia mizigo."

Mama Kinyaa alivua aproni, akavuka barabara.

Binti alikuwa anajaza kapu kwenye kiti cha nyuma, kile kiti ambacho watengeneza magari ya mbio hukiweka kwa ajili ya watu wasio na miguu. Alimbusu mama yake shavuni. Alikuwa na furaha ya safari, na viatu ameshavivua. Mama yake akamwambia mkwe ashuke, akaingia yeye kwenye kiti cha dereva. Hakuwa amewahi kukaa humo. Kiti kilimnata mapajani. Usukani ulikuwa na ngozi ya jasho la mikono. Kwenye kijishimo cha kuwekea vikombe kulikuwa na vibonge vya ubani vilivyokauka, vimepangwa kana kwamba kuna atakayevirudia. Alipumua kwa mdomo, kisha akaona kupumua kwa mdomo ni sawa na kula, akaziba kabisa.

Akakanyaga breki. Pedali ilishuka, ikashuka, kama unayekanyaga tope, ikaja kushika pale chini karibu na zulia. Akaachia, akakanyaga mara mbili upesi. Ikapanda kidogo, ikashika.

"Si unaona, mama?" alisema mkwe dirishani. "Ni kuizoea tu."

Mama Kinyaa alishuka, akachuchumaa, akachungulia kwenye matundu ya rimu ya gurudumu la mbele. Breki zilizokuwa humo ndani zilikuwa nene, zimejaa gurudumu zima.

"Kobe, hizi ndizo breki lilizozaliwa nazo?"

"Mimi nimezikuta hivyo. Lakini haya magari ya mbio, bi mkubwa, kila anayeyamiliki huyachezea. Inaelekea wa kwanza alizitoa ndogo, akatia hizi."

Mama Kinyaa aliinuka polepole. Alikuwa ameelewa yote, na alitamani asingeelewa. Aliyebadilisha breki akaweka kubwa alibadilisha na masta, akaweka yenye tumbo pana, maana breki kubwa zinataka mafuta mengi kwa mkanyago mmoja. Yeye ameuza masta ya gari kama lilivyotoka kiwandani, yenye tumbo jembamba. Bolti hazikusema kitu, kwa sababu bolti ni zile zile. Hapa kwenye tambarare ungekanyaga mara mbili ukasimama. Kule kwenye mteremko wa mlima, breki zikishapata moto na mguu ukaanza kutafuta zaidi, chini ya ule mguu kungekuwa na zulia tu. Na binti yake angekuwa pembeni, bila viatu, anacheka.

Wote watatu walikuwa wanamngoja. Angeweza kusema ni hewa. Kobe angetoa hewa mpaka jioni, safari ingeahirishwa, na yeye angepata usiku mzima wa kutafuta njia ya kulitoa kosa dukani kwake bila mtu kujua. Wazo hilo lilimjia likiwa zima, limevaa na viatu. Alilitazama, na likamtia kinyaa kuliko ule ubani.

"Zima gari," alisema. "Haliendi popote. Masta niliyokupa siyo."

"Lakini mama, si ulisema unaijua?" mkwe aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli, na hilo ndilo lililouma.

"Nilisema. Sikupima. Nimekosea."

Kobe akatazama viatu vyake. Mtaa ule haukuwa umezoea kusikia maneno hayo yakitoka mdomo ule. "Haidhuru, bi mkubwa," alisema. "Kipimo cha tumbo kimeandikwa kwenye ile ya zamani. Iko wapi maiti?"

Mama Kinyaa alikuwa ameshaanza kuvuka barabara.

Pipa lile lilikuwa la mtaa mzima. Gereji zote za ng'ambo zilimwaga humo: mafuta ya injini yaliyoungua, mafuta ya gia, maji ya rejeta yenye kutu, matambara, raba zilizovimba. Na vile halikuwa na kifuniko, lilipokea vyote vilivyopita njia. Juu yake kulikuwa na ngozi nene inayojikunja ukiigusa. Mama Kinyaa alijaribu kwa koleo, likaishia juu juu. Alijaribu kwa ufagio, ukarudi na kitu chenye mkia, akaugeuza ufagio haraka na kurudisha alichokipata.

"Ngoja nikutolee," alisema Kobe nyuma yake.

"Niliitupa mimi."

Alikunja mkono wa blauzi mpaka begani, akaona ni upuuzi, maana pipa lilikuwa na kina kuliko mkono. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wanasema, ila waliosema walikuwa na maji. Akainama, akazamisha mkono. Mafuta yale yalikuwa ya uvuguvugu kama kitu kilicho hai. Yalipanda kiwiko, yakapanda bega, yakaingia kifuani ndani ya nguo, na bado vidole havikufika chini. Ikabidi alaze shavu lake kwenye ngozi ile ya juu. Harufu ilimwingia hadi nyuma ya macho. Vidole vilishika tambara, vikaacha. Vilishika kitu laini chenye manyoya, vikaacha, na Mama Kinyaa akaguna guno ambalo Kobe aliligeuzia mgongo kwa adabu. Kisha vikashika chuma chenye tumbo na kilemba.

Alipoitoa, alitapika palepale kando ya pipa, akajifuta kwa bega lililokuwa safi. Halafu akaibeba maiti yake kwa mikono miwili mpaka ndani, akailaza juu ya kitambaa kipya cheupe.

Ubani aliutoa kwa kucha zake. Hapakuwa na namna nyingine. Ulitoka kidogo kidogo, ukijaa chini ya kucha, na kila kipande kilikuwa na ulaini wa mate ya mtu. Kisha akaanza kukifungua kitambaa, mzunguko baada ya mzunguko. Mizunguko ya nje ilikuwa lami tupu. Ya ndani, iliyobanwa sana, ilikuwa bado na rangi yake. Zambarau. Mzunguko wa mwisho ulikuwa na pindo, na pindo lilikuwa limeshonwa kwa mkono, mishono mifupi miwili na mmoja mrefu, miwili na mmoja.

Mshono huo ulikuwa wake. Alifundishwa na mama yake mzazi, na katika mtaa mzima hakuna mwingine aliyeshona hivyo. Ulikuwa mtandio aliomshonea binti yake siku anaondoka nyumbani kwenda kwa mumewe.

Chini ya pindo, kwenye tumbo la chuma, tarakimu ilikuwa imejitokeza wazi: inchi kamili. Aliyouza asubuhi ilikuwa inchi kasoro. Mama Kinyaa alipanda ngazi akiacha alama nyeusi kila kidato, akashusha boksi jingine, akalaza mpya ubavuni mwa maiti. Alipima tumbo kwa tumbo. Alipima mdomo kwa mdomo, tundu kwa tundu, hata urefu wa kile kijiti kinachosukumwa na pedali. Kobe akaitikia kwa kichwa, akaichukua, akaondoka kwa mwendo ambao kwake ulikuwa mbio.

Mama Kinyaa alipoinua macho, binti yake alikuwa amesimama mlangoni anautazama ule utepe wa zambarau.

"Uliniambia mtandio umeibwa kwenye kamba," alisema Mama Kinyaa.

"Ndiyo."

"Nani aliufunga huku?"

"Mimi. Tulikuwa tunashuka, breki zikaisha. Mume wangu akalipandisha gari kwenye tuta la mchanga, likasimama. Yeye mikono ilikuwa inamtetemeka, hawezi kufunga hata kamba ya kiatu. Nikauchana, nikafunga mimi." Akasogea mezani. "Na ubani ni wangu, mama. Nilitafuna mimi. Wake ulikuwa umekwisha utamu, haushiki."

Mama Kinyaa aliangalia chini ya kucha zake.

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi mzima mnatembea na ubani. Na mama yako ana duka la breki."

"Tulitaka kutafuta kwingine. Kobe akakataa, akasema hafungi isipokuwa ya kwako."

"Kwingine kwa nini? Mimi nimewafanya nini?"

Binti alikuwa na adabu, na jibu halikuwa na adabu. "Hujatufanya kitu, mama. Ni uso wako. Tukija kwako, unavyomtazama, akirudi nyumbani anaoga tena. Yale manukato yote unayoyachukia, anajipaka akijua anakuja kwako. Nikasema bora nizibe kwa ubani." Akauokota ule utepe, akauviringisha kidoleni bila kujali lami. "Ningekwambia. Lakini uso wako naujua."

Mama Kinyaa alitaka kuukunja uso, akahisi unavyokunjika, na kwa mara ya kwanza hakujua auweke vipi.

Kobe alimaliza jua likiwa limeanza kulegea. Mama Kinyaa aliingia tena kwenye kile kiti, safari hii mchafu kuliko kiti chenyewe, akakanyaga. Pedali ilishuka kidogo, ikasimama. Akakanyaga kwa nguvu zake zote, akaishikilia huku akihesabu, akaikanyaga tena. Haikuzama hata unywele.

"Sasa nipeleke mpaka kwenye mteremko wa karibu na kurudi," alimwambia mkwe. "Nataka kuona likisimama. Mwanangu atangoja hapa."

Wakaenda. Mkwe aliendesha kwa mikono yote miwili kwenye usukani, na hakutafuna kitu. Walishuka ule mteremko, akakanyaga, gari likainamisha pua na kusimama palepale alipotaka. Walirudi wakapanda, wakashuka tena, likasimama tena. Mama Kinyaa alikuwa ananuka pipa zima, na madirisha yalikuwa wazi kwa ajili yake.

Waliporudi gereji, kijana alikuwa ametota jasho. Alifungua ile chupa yake, akanywa, kidogo kikarudi. Kwa mazoea akamnyooshea mama mkwe, halafu akakumbuka, mkono ukaanza kurudi.

"Lete," alisema Mama Kinyaa.

Akaipokea. Shingo ya chupa ilikuwa na unyevu wa mdomo, na ndani palikuwa na kitu cheupe kinazunguka taratibu, kinashuka, kinapanda. Maji yalikuwa ya moto, yana harufu ya ubani. Binti yake alikuwa amesimama mbele ya gari, hatazami chupa, anautazama uso wa mama yake. Mama Kinyaa aliushikilia uso ule kwa nguvu zote alizobaki nazo, akainua chupa, akanywa mpaka ikaisha.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia mkwe. "Nilikuwa na kiu."